Nyota Haisafishwi kwa Fedha



Barua imetufikia kutoka kwa mama mmoja Mkristu wa Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, nasi tumeona vema kuijibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa jambo analouliza lazihusu nyumba nyingi, za mjini na za mashambani. Jina lake hatulitaji, wala mtaa wake, kama alivyotuomba.

Mama huyu ana kijana wake mwenye kazi ya kutengeneza simu. Kijana amenunua kamera iliyokwisha kutumika pamoja na stendi ya miguu mitatu, na tangu mwezi wa Desemba hupanda usiku juu ya paa la ghorofa wanamopanga, akaielekeza kamera juu mbinguni, akakaa huko saa mbili au tatu. Asema anapiga picha ya wingu lililoko kati ya nyota, ambalo wataalamu huliita nebula. Sasa jirani mmoja, ambaye mtoto wake aliugua, amevumisha kwamba kijana yule ni mchawi na kwamba huwanga juu ya paa. Tena mtu mmoja mwenye kujiita mtabibu amemwambia mama ya kuwa nyota ya mwanawe imefunikwa, ndiyo sababu hana mke wala duka lake mwenyewe, na kwamba nyota hiyo yaweza kusafishwa kwa fedha. Kiasi alichokitaja ni sawa na karo ya muhula mzima ya binti yake mdogo. Mama auliza: Je, nimkataze mwanangu? Je, nilipe?

Twamjibu mara moja, asije akangoja mpaka mwisho wa ukurasa. Usilipe, mama. Wala usimkataze. Na sasa tutaeleza kwa nini.

KAZI YA KIJANA

Tuanze na kazi ya kijana, maana mtu huogopa asichokijua. Katika miezi ya Desemba hadi Machi, kila atazamaye juu usiku aona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Kusini mwake kidogo zimefuatana nyingine hafifu, mfano wa upanga ulioning'inizwa kiunoni. Kundi hilo zima huitwa Orioni, nalo latajwa katika kitabu cha Ayubu pamoja na Kilimia, ile Kilimia ambayo wakulima na mabaharia wa pwani yetu waliijua tangu zamani. Ukiitazama vema ile nuru ya katikati ya upanga, waona si nyota safi, bali ni kama ukungu mdogo. Ukungu huo ndio nebula ya Orioni.

Ni wingu la gesi na vumbi, na gesi yake kubwa ni haidrojeni. Upana wake wapata miaka ya nuru 24. Mwaka wa nuru ni umbali unaokwendwa na nuru kwa mwaka mmoja, nayo nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa kila sekunde, hata katika mwaka mzima hutimiza kilometa trilioni 9 na nusu hivi. Kutoka huko mpaka kwetu ni miaka ya nuru 1,350 hivi. Maana yake, nuru inayoingia leo katika kamera ya kijana wa Kariakoo ilianza safari yake katika karne ya 7, kabla Kilwa haijawa na sultani. Ndani ya wingu hilo nyota changa zinazaliwa hata sasa, na miale mikali ya nyota chache kubwa zilizomo katikati yake ndiyo iifanyayo gesi kung'aa. Darubini ya Hubble imeonyesha humo visahani vya vumbi vinavyozizunguka nyota hizo changa, ambavyo pengine siku moja vitakuwa sayari.

Sisi wa Dar es Salaam tumejaliwa jambo moja ambalo watu wa Ulaya hawanalo. Mji wetu uko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, nalo wingu lile liko digrii 5 na kitu kusini mwa ikweta ya mbingu. Kwa hiyo hupita karibu kabisa juu ya utosi wetu, katikati ya Desemba yapata usiku wa manane, na katikati ya Februari kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Mtu wa Ulaya huliona kwa upande, kupitia hewa nyingi na nzito. Sisi twaliona pale hewa ilipo nyembamba kuliko pote. Ndiyo maana, mama, mwanao huielekeza kamera juu wima, hata majirani wakashangaa.

Lakini asifikiri mtu kwamba kazi hiyo ni rahisi mjini. Taa za maduka na za barabara za Kariakoo huung'arisha mvuke na vumbi la hewani, hata nyota hafifu zikamezwa. Mawingu ya bahari huja na kuondoka. Tena dunia yazunguka bila kukoma, digrii 15 kwa saa. Katika dakika mbili tu nyota husogea kiasi cha upana wa mwezi mpevu. Ukiliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu juu ya stendi isiyosogea, kila nyota huchora mstari. Viko vyombo vya kuifuata mbingu, lakini navyo sharti vilinganishwe na ncha ya mbingu. Nyota ya kaskazini, waitumiayo watu wa Ulaya, kwetu iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini iko juu ya upeo kwa digrii 7 tu, ambapo katika mtaa wa maghorofa hufichwa na ukuta wa jirani.

Basi maskini afanyeje? Hupiga picha fupi fupi za sekunde mbili au tatu, mamia kwa mamia, kisha kwa kompyuta, kwa programu zipatikanazo bure, huzipandanisha moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Picha moja peke yake haionyeshi kitu cha maana. Imejaa chenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Chenga hizo hubadili mahali katika kila picha, lakini nuru ya wingu hubaki palepale. Picha zikipandanishwa, chenga zafutana na nuru yajumlika. Picha 100 hupunguza chenga kiasi cha mara 10. Ndipo pole pole hutokea rangi nyekundu ya haidrojeni na buluu ya vumbi, ambazo jicho la mtu halizioni kamwe usiku, kwa sababu jicho haliwezi kuilimbika nuru.

Hiyo, mama, ndiyo kazi ya mwanao juu ya paa. Hana tunguri wala hirizi. Ana hesabu na saburi.

WALIOTANGULIA

Wala yeye si wa kwanza. Picha ya kwanza ya nebula ilipigwa na daktari mmoja wa Marekani, Henry Draper, usiku wa tarehe 30 Septemba 1880, na nebula hiyo ilikuwa hii hii ya Orioni. Aliliacha jicho la kamera wazi kwa dakika 51. Mwaka 1883 Mwingereza Andrew Ainslie Common, ambaye kazi yake ilikuwa uhandisi wa mambo ya usafi, alipiga picha ya wingu lilo hilo kutoka bustani ya nyumba yake huko Ealing, karibu na London, nayo ilionyesha nyota ambazo jicho la mtu halikuweza kuziona hata kwa darubini. Kwa kazi hiyo Chama cha Kifalme cha Falaki cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1884. Huyo alifanya kazi yake mchana, na usiku akatoka uani kwake kutazama mbingu.

Tena tusidhani kwamba elimu hii ni ya wageni peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Satelaiti ilikuwa ya Wamarekani, na jukwaa lilikuwa la Waitaliani. Lakini kwa kuwa siku ile Wakenya walikuwa wakisherehekea uhuru wao, ilipewa jina la Kiswahili, nalo ni Uhuru. Na tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipofunikwa na mwezi hata likabaki pete ya moto, macho ya dunia yalielekea Rujewa, katika mkoa wa Mbeya. Kati ya waliojitahidi kuwaelimisha wananchi, wasiogope wala wasiharibu macho yao, alikuwa Dk. Noorali Jiwaji, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

KANISA NA NYOTA

Huenda msomaji akasema: haya ni ya wataalamu, yana nini na dini? Yana mengi. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliitengeneza kalenda ili Pasaka isipotee katika majira yake, hata ikaamriwa kwamba baada ya tarehe 4 Oktoba ifuate tarehe 15. Kazi hiyo haikuweza kufanyika pasipo watu waliozihesabu nyendo za mbingu, na mmoja wao alikuwa Mjesuiti Christopher Clavius. Nebula ya Orioni yenyewe iliandikwa habari zake mwaka 1619 na Mjesuiti mwingine wa Uswisi, Johann Baptist Cysat. Padre Angelo Secchi, katika karne ya 19, alisimika darubini zake juu ya paa la kanisa la Mt. Inyasi mjini Roma, akazigawa nyota katika makundi kwa kuipima nuru yake. Naam, juu ya paa la kanisa! Mwaka 1891 Papa Leo XIII alikianzisha upya kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, nacho chafanya kazi mpaka leo. Na aliyetoa mwaka 1927 fundisho kwamba ulimwengu wote unapanuka alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître.

Wala hatufichi kwamba wako watu wa Kanisa waliokosa. Mwaka 1633 Galileo alihukumiwa kwa mafundisho yake, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba waliomhukumu walikosea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulikuwa umesikitikia mwenendo wa Wakristu wasiotambua haki ya elimu kujitafutia ukweli kwa njia zake. Yafaa wazazi walikumbuke jambo hili. Kijana anayekatazwa kuuliza habari za mbingu kwa jina la dini, hujifunza kwamba dini yaogopa ukweli. Na akisha kuamini hivyo, ataiacha dini. Nasi twajua kwamba Mungu aliyeziumba mbingu ndiye aliyetupa akili ya kuzitazama.

Mtunga Zaburi afundisha kwamba mbingu zatangaza utukufu wa Mungu. Lakini hakusema kwamba mbingu ndizo Mungu, wala kwamba zagawa riziki. Na hapo twafika kwenye lile swali la pili la mama.

HABARI YA KUSAFISHA NYOTA

Katika miji yetu limezagaa neno hili, kwamba kila mtu anayo nyota yake, kwamba nyota hiyo yaweza kuibwa, kufunikwa au kuchafuliwa na adui, na kwamba yuko fundi awezaye kuirudisha. Mwenye duka asiyepata wateja huambiwa hivyo. Binti asiyeposwa huambiwa hivyo. Mwanafunzi aliyeshindwa mtihani huambiwa hivyo. Wengine huyasikia hata vinywani mwa wahubiri, wauzao mafuta na maji kwa bei, na kuiita biashara hiyo sala.

Mt. Agostino, ambaye kabla ya kuongoka alikuwa akiwasikiliza wapiga falaki, alieleza kwa nini aliwaacha. Rafiki yake Firmino, mtoto wa nyumba ya kitajiri, alizaliwa wakati ule ule alipozaliwa mtoto wa mjakazi katika nyumba ya rafiki wa baba yake. Wazee wale wawili waliipima saa kwa uangalifu, wakaona nyota za watoto hao ni zile zile. Lakini Firmino alikua katika mali na heshima, naye mtoto wa mjakazi akabaki katika utumwa. Kama nyota ndizo ziamuazo, mbona ziliamua mambo mawili? Tena Agostino aliwataja Esau na Yakobo, mapacha wa tumbo moja, ambao maisha yao hayakufanana. Hoja hiyo ina miaka 1,600 na zaidi, wala hakuna mpiga falaki aliyeijibu.

Nasi twaongeza hoja ya leo. Nyota unazoziona, mama, ziko mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri miaka mingi, na nyingine mamia ya miaka, ndipo iingie jichoni mwako. Huyo mtu aliyekaa chumbani na kibuyu chake ataifikishaje dawa yake huko? Na akitaka kuisafisha nyota, ataisafisha kwa nini? Gesi yake yawaka kwa maelfu ya digrii, nayo haijui jina la mwanao, wala jina la adui yake.

Mamajusi waliifuata nyota mpaka Betlehemu. Lakini Papa Mt. Gregori Mkuu alieleza kwamba nyota ile ilikuwa mtumishi wa Mtoto, wala Mtoto hakuwa chini ya nyota. Ilipomaliza kazi yake, Mamajusi walimpigia magoti Mtoto, nyota hawakuipigia. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, yatukataza kila namna ya ramli na kutazamia nyota: si kwa sababu ni mchezo wa kipumbavu tu, bali kwa kuwa mtu atafutaye kuitawala kesho yake kwa njia hizo humnyima Mungu heshima na tumaini ambavyo ni haki yake peke yake. Amri ya kwanza haikuandikwa kwa ajili ya watu wa sanamu za zamani tu. Yatuhusu sisi tunaokwenda Misa asubuhi na jioni tukabisha hodi kwa mganga kwa mlango wa nyuma.

Lakini twajua, mama, kwamba hukufikiri habari ya kulipa kwa ukaidi. Ulifikiri kwa uchungu, kwa sababu wampenda mwanao na wataka aone maisha mema. Uchungu huo si dhambi. Upeleke mbele ya Tabernakulo. Hapo hapatozwi kitu, wala hupewi ahadi ya duka kufikia mwezi ujao; lakini yuko akusikiaye, naye alimjua mwanao kabla hajaumbwa tumboni mwako.

MASHAURI YETU

Kwa mama: fedha ile ni karo ya binti. Ipeleke shuleni juma hili hili, kabla yule mtu hajarudi kukutisha. Akirudi, mwambie umekwisha itumia.

Kwa kijana: usiku una giza, nalo giza huzaa maneno. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, uwape majirani habari mapema, na uwakaribishe. Waonyeshe kwanza picha moja yenye chenga, kisha ile iliyopandanishwa, wajue ulichokuwa ukikifanya. Usikaribie ukingo wa paa. Usiiache kazi ya mchana ilegee, wala usikeshe hata ukaikosa Misa ya Dominika. Tena jihadhari na uchu wa vifaa. Kamera uliyo nayo yatosha kwa miaka kadhaa, na fedha ya lenzi kubwa yaweza kungoja mpaka mdogo wako amalize shule. Na ukifanikiwa, usijivune. Chuma kilichomo katika damu yako kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijawaka. Siku ya Jumatano ya Majivu, padre akutiapo majivu na kukukumbusha asili yako, wewe zaidi ya wengine utafahamu jinsi mavumbi hayo yalivyotoka mbali.

Kwa jirani: mtoto wako aliugua, nasi twakupa pole na kumwombea afya. Mpeleke hospitali. Lakini kumwita mtu mchawi pasipo ushahidi ni kuivunja amri ya nane, na katika nchi yetu neno hilo limemwaga damu ya watu wasio na hatia, wazee wetu hasa. Ulilisema hadharani, yakupasa kulirudisha hadharani, hapo hapo ngazini ulipolisemea. Kuungama bila kumrudishia mwenzio jina lake jema hakutoshi.

Na kwa wazazi wote wanaosoma ukurasa huu: usiku mmoja umeme ukikatika, kabla hamjaanza kunung'unika, watoeni watoto uani, muwaonyeshe zile nyota tatu na ukungu ulio kusini mwake. Waambieni kwamba nuru hiyo imesafiri miaka 1,350 kuja kwao. Waambieni pia kwamba Yeye aliyeiwasha azijua nywele za vichwa vyao, idadi yake. Mtoto aliyefundishwa hayo mawili kwa pamoja na mzazi wake mwenyewe, atakapokuwa mtu mzima na kuambiwa kwamba nyota yake imefunikwa, atajua la kujibu.

Mungu azibariki nyumba zenu.